Mwili mkubwa, safari ndefu: piga hesabu ya kilo kabla ya kununua pikipiki

Nina kilo 108. Wenzangu wenye miili kama wangu huniuliza sana: ninunue pikipiki ya cc ngapi ili inifikishe Mbeya mimi na mke wangu? Swali hilo linaanzia pabaya. Cc zinakwambia injini itavuta vipi mlimani, basi. Hazikwambii fremu ya nyuma, rimu, shokapu na breki vimetengenezwa kuhimili kilo ngapi. Tumezoea kuona bodaboda ya cc 125 imepakia mishikaki, au magunia ya mkaa, tukaamini kwamba pikipiki inabeba chochote ilimradi inaondoka. Bodaboda ile inaenda mtaa wa pili, taratibu. Wewe unataka kutoka Dar hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, kwa mwendo wa barabara kuu.

Kwenye kitabu cha pikipiki, tafuta namba mbili: uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta, na uzito wa juu wa jumla unaoruhusiwa. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Kinachobaki ndicho unachoweza kupakia, na wewe mwenyewe umo humo.

Chukua BMW R 1250 GS, ambayo wengi wetu tunaitamani. Ikiwa na tenki limejaa ina kilo 249, na mwisho wake ni kilo 465. Zinabaki 216. Ndugu yake, Adventure, ana tenki la lita 30 badala ya 20, na kwa macho unaona kabisa huyu ndiye mbeba mizigo. Ana kilo 268, mwisho wake 485. Zinabaki 217. Umbo lote lile limekuongezea kilo moja tu ya mzigo! Kwa hiyo usinunue kwa macho. Na uwe makini na kampuni zinazotangaza uzito wa pikipiki ikiwa haina mafuta wala oili: lita 20 za petroli peke yake ni kama kilo 15.

Sasa tuzijaze zile 216. Mimi na buti, koti, kofia na suruali ya kinga tunafika 118. Zinabaki 98. Mama watoto na mavazi yake ni 77. Zinabaki 21. Masanduku matatu ya alumini yakiwa matupu, pamoja na vyuma vya kuyashikilia, hayakosi kula kilo 18 hivi. Funga na vyuma vya kukinga injini, hesabu imekwisha, na bado hujaweka hata shati. Fundi atakwambia masanduku ni imara, hayana shida. Kweli ni imara, ila uzito wake umetoka kwenye fungu lako. Fungua kifuniko usome stika ya ndani pia, maana sanduku lina kikomo chake, mara nyingi karibu kilo 10 kila upande na la juu nusu yake.

Hesabu ya karatasi ihakikishe kwa mizani. Mizani za malori hazitakufaa; nenda kwenye ghala la mazao lenye mizani ya kupimia magunia. Gurudumu la mbele likae kwenye mizani, la nyuma kwenye mbao zilizolingana kimo na mizani. Pandeni wote wawili mmevaa kila kitu, mtu awashikie pikipiki isimame wima, msome namba. Kisha geuza, mpime la nyuma. Jumlisha.

Ukizidisha, pikipiki haitakatika pale pale, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nyuma inakaa chini, taa inamulika juu na kuwaumiza macho madereva wa mbele yako, usukani unakuwa mwepesi. Ukiweka vitu vizito kwenye sanduku la juu, nyuma ya ekseli, usukani unaanza kutikisika ukiwa kwenye mwendo. Na barabara zetu zina matuta. Tuta moja ambalo hukuliona mapema, shokapu inafika mwisho na unasikia “ko!” chini ya kiti, pigo lile limekwenda moja kwa moja kwenye fremu na rimu. Ukirudi kutoka Mbeya na kushuka Kitonga nyuma ya malori, kila kilo ya ziada inazibebesha breki joto. Shuka na gia ndogo.

Kwa mtu mzito, fedha ya kwanza baada ya kununua iende kwenye springi ya nyuma. Springi nyingi za kiwandani zimelengwa kwa dereva wa kilo 80 hivi. Kukaza ile iliyopo kunainua kiti tu, hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Agiza inayolingana na uzito wenu wa mizani, si ule unaowatajia watu.

Upepo nao: GS hii inataka PSI 36 mbele na 42 nyuma, upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Unaponunua tairi la nyuma, usiishie kwenye saizi ya 170/60-17. Angalia namba inayofuata. 72 maana yake tairi linabeba hadi kilo 355. 69 ni kilo 325. Muuzaji atakwambia ni yale yale. Siyo.

Sisi masanduku ya alumini tunayaacha nyumbani tukienda wawili. Tunafunga mabegi laini ya turubai pembeni, chini na karibu na kiti cha abiria. Zana na maji vinakaa sehemu ya chini kabisa. Hema hatubebi, gesti zipo njia nzima. Nguo za ziada, viatu na zawadi za wakwe tunazituma kwa basi siku moja kabla, tunachukua ofisi ya mizigo stendi ya Iringa au Mbeya. Andika namba yako ya simu juu ya mzigo kwa maker peni, pande mbili, na risiti uipige picha.