Jibu: Tumfungie ndani mpaka aache unga?

Pole dada. Umeuliza kama mkimfungia mdogo wako wiki moja ataacha unga (heroini). Msimfungie. Sisi hapa Ngamiani, Tanga, tulimfungia kaka: arosto (mateso ya kukosa unga) ilimkuta kajifunika blanketi jua la saa saba, miayo, kamasi, miguu inarusha mateke. Tukadhani malaria! Siku ya nane akatoka, akavuta kipimo kilekile cha zamani. Mwili ulishakisahau, nusura pumzi ikate. Hapo ndipo wengi hufia.

Ubongo wake umeshauzoea unga, si ukaidi tu (ingawa wizi wa sufuria za mama unaudhi, najua). Ulizeni Hospitali ya Bombo hapa Tanga habari za methadone, dawa ya kutibu uraibu wa unga. Anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia. Muhimbili walianza 2011. Kaka anaendelea nayo, siku hizi anavua.