Maswali ya Wasomaji: Michoro ya Königsberg, Pegasus na Liemba kwa Waundaji wa Modeli

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusudia kuunda modeli ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamia katika delta ya Rufiji. Nimepata michoro mitatu ya skeli, na kila mmoja unapingana na mwenzake kwa urefu na kwa nafasi ya dohani. Niuamini upi? Na je, kuupima mzinga wake ulioko Fort Jesus kutanifaa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu Msomaji, kabla hujaamua mchoro upi ni sahihi, chunguza kwanza kila mmoja unaonyesha meli ipi na ya mwaka gani. Königsberg iliundwa Kiel, ikashushwa majini Desemba 1905 na kuanza kazi mwaka 1907. Nürnberg, Stuttgart na Stettin zilizoifuata huhesabiwa kuwa za aina moja nayo, ingawa zilikuwa ndefu kuliko yeye kwa zaidi ya mita moja, na wachoraji wengi wasio waangalifu huchukua mchoro wa mojawapo ya hizo wakaubandika jina la Königsberg kwa sababu ndiyo yenye sifa. Meli yako ilikuwa na urefu wa mita 115.3 kutoka ncha ya omo (mbele) hadi ncha ya tezi (nyuma), na upana wa mita 13.2. Mchoro usioafiki vipimo hivyo uweke kando, hata ukiwa umepambwa vipi.

Ukishapata unaoafiki, pima karatasi yenyewe. Tuseme umeandikwa skeli ya 1:200: meli inapaswa kuwa na urefu wa sentimita 57.65 na upana wa sentimita 6.6. Ukikuta urefu ni 56.5 na upana ni karibu 6.5, mchoro umepunguzwa kwa uwiano mmoja, nawe waweza kuukuza tena bila hofu. Lakini ukikuta urefu ni 56.5 na upana umebaki 6.6 kamili, karatasi ya asili ilinywea upande mmoja, au printa iliuvuta mchoro ili uenee ukurasa, na hapo kila kipimo cha urefu, zikiwemo nafasi za dohani zinazokusumbua, kitahitaji kurekebishwa peke yake.

Jambo ambalo waundaji wengi hulipuuza ni mchoro wa mataruma, yaani mbavu za meli. Seti kamili huwa na sura tatu: meli ikitazamwa ubavuni, ikitazamwa kutoka juu, na ikiwa imekatwa vipande kwa upana ili umbo la kila taruma lionekane, kwa kawaida nusu moja ya sura hiyo ikiwa ya omo na nusu nyingine ya tezi. Bila sura hii ya tatu hakuna anayeweza kujua tumbo la meli linavyojikunja chini ya mstari wa maji. Mchoro wa ubavuni wenye kila kamba na kila kidirisha, usio na mataruma, mimi nauona ni wa kutundika ukutani tu, isipokuwa kama unaunda modeli inayoanzia kwenye mstari wa maji. Angalia pia namba za mataruma: Wajerumani walizihesabu kuanzia tezi kwenda omo, kinyume na Waingereza, na aliyezoea michoro ya Kiingereza huweza kupachika mlingoti mahali pasipo pake huku akiamini amefuata namba barabara. Michoro rasmi ya majini ya Kijerumani iliyosalia huhifadhiwa katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, mjini Freiburg.

Kuhusu mzinga, nenda ukaupime, ila soma kibao kwanza, kwa kuwa hapo Fort Jesus upo pia mzinga wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliishambulia na kuizamisha Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mmoja una kipenyo cha milimita 105 na mwingine karibu milimita 102, na kwa macho matupu ni vigumu kuwatenganisha mahasimu hawa. Mtutu wa Königsberg una urefu wa takriban mita 4.2, sawa na milimita 21 katika skeli ya 1:200. Usinakili kitako chake: baada ya meli kuangamizwa Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa, na mingi ikawekewa magurudumu ili ipigane nchi kavu.

SWALI: Nina nakala ya mchoro wa Pegasus. Niliupunguza nusu kwa mashine ya fotokopi ili upatane na modeli zangu za 1:200, lakini meli imetoka kubwa mno. Kosa liko wapi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Mashine haina kosa. Waingereza walichora kwa futi na inchi, na skeli waliyoipenda ni ya sehemu ya nane ya inchi kwa kila futi, yaani 1:96. Ukiipunguza nusu unapata 1:192. Kwa meli ya karibu mita 95 kama Pegasus, tofauti hiyo ni sentimita mbili nzima. Weka mashine kwenye asilimia 48.

SWALI: Hapa kwetu tunayo Liemba yenyewe, meli ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa kwanza Graf von Götzen. Je, naweza kuipima na kuchora Graf von Götzen ya mwaka 1915?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Tumbo unaweza, tena ni bahati wasiyokuwa nayo waundaji wa manowari nyingine za vita vile. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari na reli na kuunganishwa upya Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Bodi ni ile ile. Yaliyo juu ya sitaha ndiyo yasiyoaminika, kwa kuwa yamebadilishwa mara kadhaa, na injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli. Kwa sehemu hiyo tumia picha za wakati wa vita, na kila picha uitafutie tarehe: mzinga mkubwa uliowekwa omo, ambao nao ulitoka Königsberg, ulikuwa umeshaondolewa kabla meli haijazamishwa, kwa hiyo mchoro wa 1915 unapaswa kuuonyesha na ule wa siku zake za mwisho haupaswi.