Kuijaribu Tahadhari Kabla ya Kuiwasha

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza seva za chama cha akiba na mikopo hapa Jinja. Juzi niliweka tahadhari ya diski kujaa, na usiku huohuo simu yangu ikapokea jumbe zaidi ya 40 ilhali hapakuwa na hitilafu yoyote. Je, ningeweza kuijaribu kwanza?

JIBU: Pole kwa usiku huo. Tahadhari ni swali linaloulizwa takwimu, kwa hiyo ziulize kwanza takwimu zilizokwisha kuhifadhiwa, uone ingelia mara ngapi. Prometheus, programu inayokusanya takwimu za seva na kuzikagua kwa ajili ya tahadhari, isipoelekezwa vingine, huhifadhi za siku 15, nazo zatosha kuonyesha kama diski yako huvuka asilimia 80 kila saa nane usiku nakala rudufu zinapoandikwa, kisha ikashuka baada ya dakika kumi. Ikiwa ndivyo, itake hali hiyo idumu dakika 20 kabla ya kulia.

Kisha tumia promtool, zana ya majaribio inayokuja pamoja na Prometheus: unaiandikia takwimu za kubuni na tahadhari unazozitarajia, nayo inakueleza zilipotofautiana. Usisahau kujaribu takwimu zinapokosekana kabisa. Umeme ukikatika na seva ikazimika, tahadhari ya diski haitalia, kwa kuwa haina cha kulinganisha (wengi huudhani ukimya huo kuwa usalama), hivyo ukosefu wa takwimu uwekewe tahadhari yake.

Baada ya hapo, ielekeze tahadhari yako kwa wiki moja kwenye barua pepe, si kwenye simu ya zamu.