Ushauri kwa wanaoanza safari za milimani penye theluji: pimeni mteremko kwanza

Wengi wanaoanza safari hizi, wakihofia maporomoko ya theluji, huuliza kwanza habari za theluji yenyewe: imekaa kwa muda gani, ni laini au ngumu, na shimo la kuichunguza huchimbwaje. Mimi ningewashauri muanze na mteremko, kwa sababu tabaka zilizofichika huweza kuwa tofauti hatua chache tu kutoka mlipochimba, ilhali mwinamo wa mlima hupimika, hata kwenye ramani kabla hamjaondoka.

Maporomoko mengi ya bamba, yaani tabaka zima la theluji linalokatika na kuteleza kwa pamoja, ambayo ndiyo yanayoua zaidi, huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Hata hivyo, aliye kwenye nyuzi 20 asijione salama ikiwa juu yake pana mteremko mkali, kwa kuwa uzito wake unaweza kuvunja tabaka dhaifu lililo chini, na mpasuko ukasambaa hadi theluji ikakatika mbali juu yake.

Bamba ni theluji iliyoshikamana, mara nyingi kwa kazi ya upepo, ikalalia tabaka lisilo na nguvu, kwa mfano fuwele za jalidi zilizoota usiku wa baridi usio na mawingu kisha zikafunikwa. Tabaka la namna hiyo laweza kubaki dhaifu kwa wiki kadhaa, na jua kung'aa siku moja hakuliponyi. Upepo nao huikwangua theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuirundika upande wa pili, hivyo hatari huongezeka hata pasipo theluji mpya kuanguka.

Mkiona maporomoko ya karibuni kwenye miteremko inayofanana na wenu, au nyufa zikikimbia kutoka miguuni, au mkisikia theluji ikididimia kwa mvumo mzito, mjadala umekwisha: ondokeni kwenye miteremko mikali.

Someni taarifa ya hatari ya siku hiyo, ambayo katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini hutumia daraja 1 hadi 5. Daraja la 3 huonekana kuwa la wastani kwa kuwa liko katikati, lakini hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa, na sehemu kubwa ya vifo hutokea katika daraja hilo. (Wakongwe nao hujidanganya hapa, pengine kuliko wageni.)

Kila mmoja abebe kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya redio cha kumtafutia aliyefukiwa, ufito wa kuchunguzia chini ya theluji na koleo, kwani aliyefukiwa hutegemea wenzake walio papo hapo. Baada ya dakika 10 hadi 15 nafasi yake ya kuishi huporomoka. Jaribuni vifaa vyote kabla ya kuanza kupanda, vukeni miteremko ya kutiliwa shaka mmoja mmoja, na wanaosubiri wasimame mahali ambapo theluji ikikatika haiwafikii.