Kujiandaa kwa kilomita 90 huku kuna homa, nyumba na kazi: maswali yenu na majibu

Maswali mengi safari hii yametoka kwa wanaojiandaa kwa Comrades ya Afrika Kusini, zile mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg zenye kikomo cha saa 12. Wengine wanalenga kilomita 50 zao za kwanza. Karibu wote wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: nikiugua, nikizidiwa kazini, au nyumbani kukiwa na jambo, nipunguze nini?

Sisi tunaamini mwili una kibubu kimoja tu. Usingizi na chakula huweka ndani. Kilomita, homa, msongo wa ofisini na mtoto anayelia usiku vyote huchota humo humo. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanaanza kwa kupunguza.

Nimemaliza dozi ya malaria jana. Zimebaki wiki 9 kabla ya mbio. Naweza kufanya mbio ndefu Jumamosi hii? (Morogoro)

Pole kwa kuugua. Jumamosi hii hapana, na ijayo pia si ya mbio ndefu. Dawa mseto ya siku 3 huua vimelea, lakini hairudishi damu. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, na chembe hizo ndizo zinazopeleka oksijeni kwenye misuli. Kwa hiyo aliyetoka kuugua hukuta mwendo wake wa kawaida umekuwa mzito kama wa mashindano: moyo unadunda, pumzi hazitoshi, kilima kidogo kinamsimamisha. Wengi hudhani wamekuwa wavivu, wakajisukuma zaidi. Hapo ndipo wanapojiharibia msimu mzima.

La pili ni bandama. Malaria huifanya ivimbe, na ikiwa imevimba inaweza kupasuka mtu akianguka au akigongwa tumboni. Wewe unayekimbilia njia za Uluguru, zenye mizizi na mawe ya kujikwaa, usilipuuze hilo. Ukisikia maumivu chini ya mbavu za kushoto, au yanayopanda hadi bega la kushoto, acha mazoezi na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Fuata hivi. Siku 7 za kwanza baada ya kidonge cha mwisho, tembea tu, dakika 20 hadi 40. Kisha pima wingi wa damu. Mwanamume akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke chini ya 12, damu ni pungufu. Endelea kutembea na umwone daktari, kwa sababu upungufu una vyanzo vingi na vidonge vya madini ya chuma haviponyi vyote. Damu ikiwa sawa, wiki ya 2 kimbia mara 3, dakika 30 kila mara, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Wiki ya 3 fanya nusu ya kilomita ulizokuwa ukifanya kabla ya kuugua, mbio ndefu isizidi saa 1 na nusu. Wiki ya 4, robo tatu. Zitabaki wiki 5: tatu za kazi kamili na mbili za kupunguza kabla ya mbio. Hizo zinatosha kukufikisha mwisho. Kwa muda uliokuwa umeupanga hazitoshi, hivyo ushushe mapema kuliko kuugundua ukweli huo kilomita ya 60.

Na kwa siku zijazo, kwa kuwa wiki kubwa za maandalizi huangukia masika: ALu, ile dawa mseto ya malaria, huingia vizuri mwilini ikimezwa na chakula chenye mafuta, hata kikombe cha maziwa. Mgonjwa asiye na hamu ya kula humeza kwa maji matupu, dawa ikaingia kidogo. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6. Mara ya pili ni saa 8 baada ya mara ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Homa ikirudi ndani ya wiki 4, rudi ukapimwe tena, usirudie dozi kwa kubahatisha.

Nina mafua tangu juzi na leo ratiba inasema kilomita 16. (Eldoret)

Yakiwa ya pua na koo tu, bila homa, kimbia dakika 30 polepole badala ya 16 hizo. Dakika 10 za kwanza zikikuzidishia hali, geuka nyumbani. Ukiwa na homa, kikohozi cha kifuani, mwili kuuma wote au kuharisha, usikimbie kabisa. Virusi vya mafua makali vinaweza kushambulia msuli wa moyo, na mazoezi mazito wakati huo huongeza hatari. Kifua kikiuma, moyo ukirukaruka au ukahisi kuzimia, mwone daktari kabla ya kuvaa viatu tena. Homa ikishaisha, sisi hushauri siku mbili nyepesi kwa kila siku moja ya homa. Siku 10 bila kukimbia hazifuti kazi ya miezi.

Mimi ni mhasibu. Mwisho wa mwezi natoka ofisini saa 3 usiku, kichwa kimechoka. Programu inataka mazoezi ya kasi Jumatano na kilomita 35 Jumamosi. Nimeanza kulala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku ili nisikose. (Dar es Salaam)

Kaka, kilomita unazozinunua kwa usingizi ni ghali mno. Mazoezi yenyewe hayajengi. Yanabomoa kidogo, na usingizi ndio unaojenga. Weka mpaka: kama kukimbia alfajiri kutakuachia chini ya saa 6 za kulala, hukimbii alfajiri hiyo.

Kisha chukua kalenda ya kazi kabla ya kalenda ya mazoezi. Programu nyingi hupanda kwa wiki 3 na kushuka wiki 1. Sogeza wiki ya kushuka iangukie siku za kufunga hesabu. Katika wiki hiyo, kitu cha kwanza kutupa ni mazoezi ya kasi. Marudio ya kasi kwa mtu mwenye msongo humpandisha mapigo, humnyima usingizi na kumfungulia njia ya mafua, na kwa mbio za kilomita 90 faida yake ni ndogo ukilinganisha na mbio nyepesi. Baki na mbio 2 za dakika 40 katikati ya wiki na moja ya saa 1 na nusu wikendi. Ikikushinda hata hiyo, tembea mwendo wa haraka. Comrades ina vilima ambavyo wengi hutembea, kwa hiyo kutembea nako ni mazoezi halali.

Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima na uandike. Baada ya wiki 2 utajua wastani wako. Siku yanapozidi wastani kwa 5 hadi 7, fanya nyepesi tu. Yakizidi kwa 10, au yakibaki juu siku 3 mfululizo, pumzika na ujiangalie kama kuna homa inakuja.

Katika wiki za kawaida, foleni inaweza kukusaidia. Jumatatu peleka ofisini nguo za wiki nzima, na jioni mbili rudi ukikimbia badala ya kusubiri daladala: begi dogo lililobana kifuani, simu, ufunguo, maji nusu lita, njia yenye taa na watu. Kilomita 10 mara 2 zinakuwa 20 bila kuigusa saa ya nyumbani. Wikendi, badala ya kujiua kwa 45 Jumamosi moja, gawa: 28 Jumamosi, 16 Jumapili. Miguu inajifunza kukimbia ikiwa imechoka, na hatari ya kuumia ni ndogo. Ukifika kilomita 60 hadi 70 katika wiki zako kubwa, kumaliza ndani ya saa 12 ni jambo linalowezekana kwa mtu aliyekwisha maliza marathoni.

Mke wangu anasema Jumapili nipo nyumbani lakini ni kama sipo. (Nairobi)

Amesema kweli, na swali lako lina jibu ndani yake. Saa 4 barabarani watu huzivumilia. Saa 6 zinazofuata, ambazo mtu amelala sebuleni akiomba aletewe maji, ndizo zinazoleta ugomvi. Uchovu huo mwingi unatokana na njaa. Anayekimbia saa 4 kwa chupa moja ya maji hurudi mtupu. Kula njiani gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa: ndizi mbivu moja ya kiasi ina kama 25, kijiko cha chakula cha sukari kama 12. Ukifika nyumbani kula mlo kamili ndani ya saa moja, lala dakika 40, amka. Utashangaa mchana unavyobaki.

Anza saa 10 alfajiri, ukiwa na mwenzako wa kukimbia naye kwa usalama, uwe umerudi saa 3. Wikendi moja kati ya tatu isiwe na mbio ndefu kabisa. Kaeni na kalenda pamoja, harusi, siku za shule na safari ziandikwe kwanza, mazoezi baadaye. Mweleze tarehe ambayo haya yote yatakwisha, na gharama zote: kiingilio, tiketi ya ndege, malazi, viatu jozi 2. Halafu muulize yeye anataka saa ngapi zake mwenyewe kwa wiki, umpe, na watoto ubaki nao wewe. Wakimbiaji wengi huruka sehemu hii ya mwisho.

Nimekaa msibani kijijini siku 6, sikukimbia hata moja. Nifidie vipi? (Mbeya)

Pole sana kwa msiba. Usifidie. Kilomita zilizopita zimepita. Ukizibana kwenye wiki hii unapandisha mzigo kwa ghafla juu ya mwili uliokesha na kula ovyo, na shavu la mguu au kano ya kisigino ndiyo italipa. Anza na siku 3 nyepesi, kisha ingia kwenye ratiba mahali ilipo leo.

Mwanangu ana miezi 5, ananyonya. Nimeanza kukimbia dakika 30. Naweza kulenga kilomita 50 mwaka huu? (Mombasa)

Dada, hongera kwa mtoto. Wiki 12 baada ya kujifungua ndiyo mapema kabisa kwa kuanza kukimbia, nawe umezivuka. Jichunguze hivi: mkojo unatoka ukikohoa au kuruka? Unahisi uzito ukishuka sehemu za chini? Likiwepo moja, rudi kwenye kutembea na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Wakati huo bana misuli ya kuzuia mkojo sekunde 10, achia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni.

Nyonyesha kabla ya kutoka. Matiti mazito huuma na sidiria hukwangua. Maziwa hayaharibiki kwa kukimbia. Yanapungua usipokula, kwa hiyo ongeza mlo mdogo mmoja kila siku kwa ajili ya mtoto, na mwingine siku za mbio ndefu. Kwa kawaida hedhi ikipotea humwonya mkimbiaji kwamba anakula kidogo, lakini kunyonyesha nako huizuia, basi wewe onyo hilo huna. Mifupa pia hupungukiwa madini kwa muda wakati wa kunyonyesha. Maumivu ya sehemu moja ya ugoko, unyayo au kinena, yanayozidi ukiruka kwa mguu mmoja, yaheshimu: simama, ukapimwe. Usiku ukiwa umeamka mara nne, badilisha mbio kwa kutembea na mtoto. Sisi tungesubiri afikishe mwaka kabla ya kilomita 50, na mwaka huu tungelenga 21.

Natumia dawa za kufubaza VVU, TLD, na virusi havionekani kwenye vipimo. Je, mbio ndefu hivi ni hatari kwangu? (Kisumu)

Kuwa na VVU vilivyofubaa hakukuzuii. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, dolutegravir iliyomo kwenye TLD hushikwa tumboni na madini. Vidonge vya chuma au kalsiamu unaweza kumeza pamoja nayo ukiwa unakula. Bila chakula, meza TLD saa 2 kabla au saa 6 baada yake. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazichanganywi nayo hata kwa chakula. Pengo ni hilo hilo. Soma karatasi ya vile vidonge vya chumvi vya wakimbiaji vinavyoyeyushwa kwenye maji, vingi vina magnesiamu na kalsiamu. Njia rahisi ni kumeza TLD usiku baada ya mlo.

Pili, figo. Diklofenaki na ibuprofeni hazimfai mkimbiaji yeyote siku ya mbio, kwa kuwa hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambapo mwili tayari umekauka na misuli inamwaga taka. Kwako kuna tenofovir juu yake, dawa nyingine iliyomo kwenye TLD, ambayo nayo hupitia figo. Ziache kabisa. Mkojo ukitoka na rangi ya chai ya rangi au kola baada ya mbio, nenda hospitali siku hiyo.

Tatu, kipimo cha figo kliniki. Kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kujua hali ya figo, hupanda kwa siku kadhaa baada ya mbio ndefu hata kwa mwenye figo nzima. Usipime ndani ya wiki moja baada ya mbio, na ukilazimika, mwambie daktari umekimbia kilomita ngapi na lini.

Safarini, weka dawa kwenye begi la mkononi, na dozi za siku 10 zaidi ya siku za safari. Durban iko nyuma ya Kisumu kwa saa moja tu, kwa hiyo meza kwa saa ya huko bila wasiwasi.