Isukuti imeshalia, kompyuta inachelewa kuitikia

Swali: Fundi, mimi ni mpigaji wa isukuti kutoka Khayega, Kakamega. Ngoma zangu tatu nimezifunga kwenye stendi moja ya mbao, na kila ngozi nimeigundisha paizo (kipande kidogo kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) katikati. Waya zinaingia kwenye kadi ya sauti, halafu programu ya Pure Data kwenye laptopu inaongeza besi na kengele. Sauti ya kompyuta inachelewa, pigo moja linalia mara mbili, na nikipiga ngoma kubwa hata ile ndogo inaitika. Wenzangu wanasema ninunue laptopu mpya. Ninunue?

Jibu: Pesa zako zikae kwanza, ndugu yangu. Sioni kosa la laptopu hapa.

Tuanze na kuchelewa, maana ndiko kunakoua mdundo. Kompyuta hukusanya sampuli za sauti (vipimo vidogo vidogo vya sauti) kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda; ikijaa ndipo huzishughulikia. Bafa ya sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23. Hizo ni za kuingia tu. Za kutoka nazo zipo, kwa hiyo unakaribia 46 kabla spika haijalia. Mkono wa mpigaji hauvumilii hilo. Shuka hadi sampuli 128, chini ya milisekunde 3 kila upande. Kama unatumia Windows, achana na njia ya kawaida ya sauti ya Windows, chagua ASIO, njia ya haraka zaidi, kwenye menyu ya Media ya Pure Data, ukitumia draiva ya kadi yako yenyewe. Pure Data pia ina kisanduku chake cha kuchelewesha kwenye mipangilio ya sauti: punguza mpaka usikie mikwaruzo, kisha pandisha kidogo. Spika ya Bluetooth usiitumie kabisa kwa kazi hii; peke yake inaweza kuongeza milisekunde 100 na zaidi. Hata hewa inachukua muda wake: spika iliyo mita 3.4 kutoka sikioni mwako imekuchelewesha milisekunde 10. Isogeze karibu.

Ngoma ndogo inaitika kwa sababu ya stendi. Mtetemo wa ngoma kubwa unapita kwenye mbao mpaka kwenye paizo ya jirani, na paizo haijui umetoka wapi. Kata vipande vya mpira wa slipa kuukuu, viweke kila mahali ngoma inapogusa mbao, na kamba zisikazwe mno. Fanya hivyo kabla ya kugusa programu.

Na tafadhali, toa gundi kwenye ngozi. Ngozi ya kenge ikiharibika hupati nyingine dukani, na paizo katikati inakula mlio wenyewe wa ngoma. Bandika paizo kwenye ubao wa ngoma yenyewe, chini kidogo ya ukingo, kwa tepu ya sponji yenye gundi pande mbili. Isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kompyuta iiongezee sauti, isiinyamazishe.

Pigo kulia mara mbili ni ngozi inayoendelea kutetemeka baada ya mkono kuondoka. Ikiwa unatambua mapigo kwa bonk~, kifaa cha Pure Data cha kugundua mapigo, pandisha kizingiti chake (nguvu ya chini kabisa inayohesabiwa kuwa pigo) kwa ujumbe wa thresh, unaopokea namba mbili, ya chini na ya juu. Kisha weka spigot, kifaa kinachofanya kazi kama mlango, baada yake: pigo likipita, mlango ufungwe, na del 35, kifaa cha kuchelewesha, iufungue tena baada ya milisekunde 35. Usiogope kupoteza mapigo ya kasi. Kwa mwendo wa 130 kwa dakika, hata ukigawa kila pigo mara nne, kati ya moja na jingine kuna milisekunde 115.

Halafu pima. Weka simu kati ya ngoma na spika, rekodi pigo moja, fungua rekodi hiyo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na uvute picha ya sauti iwe kubwa. Utaona vilele viwili: mkono wako, kisha kompyuta. Vikitengana kwa milisekunde 10 hadi 12, anza mazoezi. Vikizidi 20, rudi kwenye kile kisanduku cha kuchelewesha.