Mama mkwe anataka kuingia leba, mimi namtaka mama mdogo

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, mimba ya kwanza, wiki ya 33. Naishi Kigamboni, nitajifungulia hospitali binafsi upande wa mjini. Nimedhamiria kuzaa bila sindano ya ganzi ya mgongoni wala drip ya kuongeza uchungu. Dada yangu aliwekewa drip hiyo na mpaka leo akihadithia analia. Mume wangu hana neno. Tatizo ni mama mkwe: anasema ataingia leba pamoja nami, na ameshachimba mizizi ya kuharakisha uchungu. Hospitali inaruhusu mtu mmoja tu, na mimi ningependa awe mama mdogo aliyenilea. Tena naogopa: nikizidiwa katikati nikaomba dawa, si nitakuwa nimeshindwa? — Mtarajiwa, Kigamboni

Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari uliyofika.

Nianze na mizizi, maana ndiyo iliyonishtua. Usiinywe, hata kijiko. Dawa nyingi za aina hiyo hukaza mfuko wa uzazi, na hakuna ajuaye kikombe kimoja kimebeba nguvu kiasi gani. Mfuko ukikaza mfululizo bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Wewe unaikimbia drip ya hospitali, ambayo angalau matone yake huhesabiwa na mkunga akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Mizizi hiyo hufanya kazi ile ile bila hesabu.

Wa kumwambia mama mkwe si wewe. Ni mwanawe, na aende mapema, akae naye vizuri, si kwa simu. Amweleze kwamba hospitali imetoa nafasi moja na dawa za nyumbani haziruhusiwi, kisha ampe heshima yake: uji wa pilipili manga, kukukanda kwa maji ya vuguvugu, kukulea arobaini yote. Hizo ni kazi za mtu mzima anayejua, na utamhitaji kweli. Mama mkwe anayeng'ang'ania mlango wa leba mara nyingi anaogopa kuachwa nje ya habari ya mjukuu wake.

Kuhusu mama mdogo, nakuunga mkono, ila jiulize kitu kimoja: anaweza kukuona unaumia bila kuchanganyikiwa? Kama atalia nawe, mtafute mwingine. Mtu wa kukaa nawe si pambo. Mwaka 1980 ulichapishwa utafiti uliofanyika hospitali moja nchini Guatemala: wazazi wa mara ya kwanza waliowekewa mwanamke wa kukaa nao muda wote, ambaye hata hawakumjua, walikaa na uchungu muda mfupi kuliko walioachwa peke yao. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linataka kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Wanawake wengi wa nchi hii huzaa bila dawa ya maumivu kwa sababu haipo, na wengi hukaa peke yao kwenye kitanda cha leba. Hilo la upweke ndilo linaloniuma zaidi. Wewe umepata nafasi, itumie.

Anza naye mazoezi wiki hii. Piga magoti, egemeza kifua kitandani, naye akukandamize kiuno kwa viganja, kwa nguvu, hadi mjue ni wapi panapokupa nafuu. Vuta pumzi kwa pua, itoe kwa mdomo polepole, mabega yakiwa yamelegea. Uchungu haukai moja kwa moja: ukikolea, kila wimbi huchukua kama dakika moja, kisha unaachiwa upumue. Katika mapumziko hayo tembea, kojoa, oga maji ya moto kama yapo, kunywa. Bi Maryam aliposhikwa na uchungu penye shina la mtende aliambiwa ale tende na anywe. Nawe kama huna tatizo la kiafya, mwongozo ule wa 2018 unaruhusu kula na kunywa.

Sasa hiyo drip. Zamani njia, yaani mlango wa kizazi, ilitarajiwa kufunguka angalau sentimita moja kila saa, na aliyechelewa akaharakishwa. Mwongozo huo umesema kasi hiyo ni kubwa mno kwa baadhi ya wanawake, na kwamba uchungu wenyewe hasa huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Kliniki ijayo waulize: mnaweka drip kwa sababu zipi? Naweza kutembea? Naweza kusukuma nikiwa nimechuchumaa au kwa ubavu? Mnaongeza njia, yaani kumchana mama kidogo ili mtoto apite, kwa kila mzazi? Andika matakwa yako nusu ukurasa, uombe yabandikwe kwenye faili. Lakini wakikueleza sababu ya kweli, mathalani uchungu umesimama kabisa, sikiliza.

Karibu na mwisho wengi hutetemeka, hutapika, na kusema hawawezi tena. Mara nyingi njia inakaribia kufunguka yote. Mpatane na mama mdogo kwamba ukifika hapo amwombe mkunga akupime kwanza, ndipo uamue. Ukiipima hali yako na bado ukataka dawa, itumie. Hukuweka nadhiri kwa mtu, na hakuna atakayekudai. Dada yako na machozi yake anastahili kusikia hilo pia.

Ila sindano moja usiikatae: ile ya pajani mara tu mtoto anapotoka, ya kuzuia damu. Haihusiani na maumivu. Kutoka damu nyingi baada ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi.

Mwisho, safari. Uchungu ukija kila dakika tano kwa muda wa saa moja, ondokeni; msisubiri zaidi, mnavuka maji. Ukiona damu, chupa ikipasuka, mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, ondokeni papo hapo. Mumeo apatane na dereva tangu sasa, na waamue mapema lini watapita kwenye kivuko cha panton na lini watazunguka darajani. Kadi ya kliniki aishike mama mdogo.